Sindano kwanza, kisu baadaye!

Vuta stuli nikupe kisa cha wiki.

Juzi nilipanda kwetu Munanila, kule juu mpakani na Burundi, kumsalimia shangazi. Asubuhi kitenge shingoni, mchana kitenge shingoni. Nikadhani ni baridi ya milimani. Wapi! Alikuwa anaficha uvimbe kama yai la kuku.

"Shangazi, hospitali umeenda?"

"Nimeenda, mwanangu. Eti wanichome sindano hapa hapa. Uvimbe ukichokonolewa unaamka, unakumaliza."

Usimcheke. Hata mjini washikaji wenye simu za bei mbaya wanaamini hivyo hivyo. Leo tuwekane sawa.

Sindano yenyewe ni nyembamba kuliko ile ya kutolea damu mkononi. Daktari anavuta seli chache, anazipaka kwenye kioo, zinatiwa rangi, zinaangaliwa kwa hadubini. Hakuna kushonwa wala kulazwa. Martin na Ellis wa New York waliiandika njia hii tangu 1930, siyo mchezo wa jana. Kwa uvimbe wa thairoidi, ile tezi ya mbele ya koo, mara nyingi jibu ni kwamba siyo kansa. Huenda ni rovu la kukosa madini joto, ugonjwa wa milimani tangu enzi za mababu. Ukijua mapema, pengine kisu hukihitaji kabisa.

Ila sindano nayo siyo mganga wa kila kitu. Nyuma ya thairoidi kuna vitezi, kwa kawaida vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Vinaitwa parathairoidi. Msweden Ivar Sandström ndiye aliyevieleza kwa binadamu mwaka 1880. Kazi yao ni kusimamia kalsiamu ya damu. Kimoja kikiota uvimbe, kinaiba kalsiamu kwenye mifupa: mifupa inauma, figo zinaota mawe, kiu na uchovu haviishi. Na shingoni mara nyingi huoni kitu!

Hapo daktari anaanza na damu, halafu ultrasaundi. Sindano inakuja mambo yakiwa tata, maana seli za vitezi hivi na za thairoidi zinafanana kama mapacha. Hata mtaalamu anaweza kuchanganya. Ujanja wake? Sindano inasuuzwa, na maji yale yanapimwa homoni ya parathairoidi. Ikiwa nyingi, mwizi kanaswa! Mpasuaji anajua pa kukata, hapekui shingo nzima.

Lakini akishuku kansa ya kitezi hicho, ambayo ni adimu sana, sindano huwekwa kando, kwani seli zinaweza kumwagika njiani. Kwa hiyo woga wa shangazi una chembe ya ukweli. Kosa ni kuubebesha kila uvimbe. Cha kufanya ni kumuuliza daktari: "Unashuku nini, na kwa nini sindano?"

Nilimweleza hivyo usiku, tukiota moto. Akanyamaza weee, kisha akasema: "Nitakwenda, ila unishike mkono."

Wiki ijayo tunapita Kasulu na Kibondo hadi Bugando, Mwanza. Jibu bado hatuna, ila kitenge kakivua.

Na wewe dada wa skafu kila siku, fasheni hiyo au unaficha kitu? Tukutane wiki ijayo, Mola akipenda.