Mtandao Ukikatika, Somo Lisikatike

Haya jamani, leo nawageukia wenzangu tunaoandika programu. Kila elimu ya mtandaoni inapotajwa, tunaimba wimbo uleule: vijijini hakuna intaneti, tungoje ifike. Mimi nasema kungoja huko kunawaumiza watoto.

Nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, nasi tukashangilia. Machi 2020 korona ikafunga shule. Mwenye simu nzuri na pesa za data akaendelea kusoma, huku wenzake wengi wa mashambani wakikaa hadi Januari 2021 shule zilipofunguliwa kwa wote. Katikati ya masaibu hayo, Julai 2020, puto za Loon zilianza kusambaza intaneti kutoka angani hapa Kenya. Januari 2021 wenyewe wakatangaza kwamba wanaufunga mradi!

Hebu tupige hesabu. Video ya somo moja ina megabaiti 200. Wanafunzi 40 wakiipakua kila mmoja kivyake, hizo ni megabaiti 8,000, na ni somo moja tu. Sasa iweke kwenye tarakilishi ndogo kama Raspberry Pi pale shuleni. Inapakuliwa mara moja, kisha darasa zima linaitazama kupitia Wi-Fi ya shule bila kulipia data hata senti moja. Programu za kazi hii tayari zipo, tena ni za bure: Kolibri hubeba masomo, na Kiwix hubeba Wikipedia, hata ile ya Kiswahili, zikasomwa bila intaneti.

Najua mtaniuliza: je, Starlink iliyoingia Kenya Julai 2023? Ni jambo jema, sipingi. Lakini setilaiti ina bili ya kila mwezi. Shule ikikosa kulipa mwezi mmoja, mwalimu afunge darasa? Dishi na seva ya shule zinasaidiana: usiku seva ipakue masomo mapya, mchana iwagawie wanafunzi. Wahenga hawakuijua seva, lakini walisema akiba haiozi.

Kwa hivyo, kabla hujaita programu yako ya elimu, ijaribu hivi. Zima mtandao: je, somo linafunguka? Mwanafunzi akijibu maswali, je, majibu yanahifadhiwa hadi mtandao urudi? Je, inakwenda vizuri kwenye simu ya bei nafuu? Kama sivyo, umewaandikia watoto wa mjini pekee.

Na serikali isijivunie tu idadi ya shule zilizounganishwa. Ituambie pia ni masomo mangapi yaliyofundishwa kwa mtandao huo. Mtihani wa kitaifa ni mmoja, na haumwulizi mtahiniwa kama kwao kuna intaneti.

Wewe waonaje?