SARE ISIWE FIMBO



Wazee wa Kariakoo wanakumbuka. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: vimini, mawigi na suruali za kubana marufuku kuanzia Januari 1, 1969. Siku haijafika, makundi ya vijana yakawavamia wanawake kituo cha mabasi hapa hapa, eti nguo. Ile haikuwa siasa, ulikuwa uonevu.

Sare ya shule tunaiunga mkono: mtoto wa tajiri na wa maskini wanakaa sawa. Lakini ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa 2016, sare bado ananunua mzazi. Binti akirudishwa getini, somo linampita na sketi hairefuki.

Sketi, hijabu, tuyaseme kikao cha wazazi. Mtoto abaki darasani.

Katibu