Jedwali la Elementi Lishuke Kutoka Ukutani

Ingia katika darasa la sekondari huko Embu au Meru, na aghalabu utaliona jedwali la elementi limebandikwa ukutani, rangi zake zimefifia kwa vumbi la chaki. Mwalimu akiuliza ni nini kinachotokea tunapotoka kushoto kuelekea kulia, wanafunzi hujibu kwa sauti moja: atomu hupungua ukubwa, na metali huzipisha simetali. Jibu ni sahihi. Lakini hebu mwulize mmoja wao ni kwa nini mahindi ya babake yamedumaa ilhali shamba lilitiwa mbolea. Atakutazama kana kwamba umebadilisha somo. Hoja yangu leo ni kwamba somo halijabadilika hata kidogo.

Tuitazame safu ya tatu ya jedwali hilo: sodiamu, magnesiamu, alumini, silikoni, fosforasi, salfa, klorini na argoni. Katika kila hatua ya kwenda kulia, kiini cha atomu huongezewa protoni moja, na elektroni moja huongezwa katika tabaka lile lile la nje. Maadamu tabaka ni lile lile na mvuto wa kiini unazidi, elektroni huvutwa karibu na atomu husinyaa. Ndiyo sababu sodiamu huitoa elektroni yake bila ubishi, ilhali klorini hutafuta elektroni ya kunyakua. Argoni imejitosheleza, haitoi wala haiombi. Oksidi nazo hufuata mkondo huo huo. Za sodiamu na magnesiamu ni za kialkali, za fosforasi, salfa na klorini ni za kiasidi, nayo ya alumini imesimama katikati, ikikubali kupambana na asidi na alkali pia.

Haya yote yamo jikoni. Mama atiaye magadi katika githeri ili mahindi na maharagwe yaive upesi anatumia mchanganyiko wa sodiamu wenye ualkali. Akipikia katika sufuria ya alumini, magadi hayo huifanya sufuria iwe nyeusi na kuila polepole, kwa kuwa alumini haina kinga mbele ya alkali. Chungu cha udongo, ambacho kwa sehemu kubwa ni silikoni na oksijeni, huvumilia zaidi. Mwanafunzi aliyekula githeri hiyo jana usiku ana mfano mzuri kuliko wowote ulio kitabuni, ila hakuna aliyemwambia.

Lakini funzo kubwa zaidi limo katika mteremko wa Mlima Kenya wenyewe. Udongo mwekundu wa sehemu za juu za Imenti na Runyenjes ulitokana na miamba ya volkano. Kwa karne nyingi mvua nyingi imeunyeshea na kuziosha elementi za makundi mawili ya kwanza, yaani sodiamu, potasiamu, magnesiamu na kalsiamu, ambazo huyeyuka na kuchukuliwa na maji. Zilizosalia kwa wingi ni alumini na chuma, zisizosombwa kwa urahisi. Ukiteremka hadi Mbeere, ambako mvua ni haba, uoshaji huo ni mdogo. Kwa hiyo mlima umezichambua elementi kwa tabia zile zile zinazoelezwa na jedwali. Anayesafiri kutoka mashamba ya chai hadi mashamba ya mtama na pojo hupita juu ya somo zima la kemia bila kujua.

Matokeo yake si nadharia. Udongo unapokuwa na asidi nyingi, hasa kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kuidhuru mizizi ya mahindi. Isitoshe, alumini na chuma huishika fosforasi na kuifungia, mmea usiipate. Mkulima hununua mbolea ya DAP kwa fedha alizozipata kwa jasho, na sehemu kubwa ya fosforasi hiyo huishia mikononi mwa alumini. Amonia iliyomo katika mbolea hiyo nayo huzidisha asidi mwaka baada ya mwaka. Chai haitetereki, kwa kuwa imeumbwa kuistahimili alumini. Mahindi hayana bahati hiyo.

Dawa mojawapo ni chokaa ya kilimo, ambayo ni mchanganyiko wa kalsiamu. Hapa mwalimu hodari angeuliza: kwa nini tusimwage magadi shambani, maadamu nayo hupunguza asidi? Jibu limo katika jedwali. Kalsiamu ni ya kundi la pili na ioni yake ina chaji mbili. Huzishikanisha chembe za udongo. Ioni ya sodiamu ina chaji moja tu na hushika kwa ulegevu. Ikizidi, chembe hutawanyika, na udongo hufungamana ukawa mgumu usiopitisha maji. Swali moja kama hilo lingemfunza mtoto tofauti ya kundi la kwanza na la pili asiisahau maishani.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu hana nafasi ya kuzurura mashambani, kwani silabasi ni ndefu na mtihani wa KCSE haungoji. Siwalaumu. Shule nyingi za kutwa zina maabara kwa jina tu. Hata hivyo, jivu la jikoni, magadi, chokaa, ndimu na maji ya maua mekundu yanayobadili rangi havihitaji hazina ya serikali. Kipindi kimoja chatosha kupima udongo uliotolewa katika mashamba matatu ya mwinuko tofauti na kulinganisha matokeo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumiwa kote nchini mwaka 2019, unadai elimu ya vitendo. Itakuwa aibu iwapo tutabadilisha jina la mtaala na kuuacha ukasuku mahali pake.

Tukumbuke pia jinsi jedwali lilivyozaliwa. Mwaka 1869 Mendeleev hakukariri chochote. Alizipanga elementi, akaona mtindo unaojirudia, na pale palipokosekana elementi akaacha pengo. Mwaka 1871 alieleza tabia za elementi ambazo hakuna aliyezipata kuziona; galiamu ikagunduliwa mwaka 1875 na germaniamu mwaka 1886, zote zikikaribiana mno na maelezo yake. Hiyo ndiyo nguvu ya kujua sababu. Anayekariri hukwama hata pale mtindo unapokengeuka, kwa mfano alumini kuitoa elektroni yake ya kwanza kwa urahisi kuliko magnesiamu. Anayejua jinsi elektroni zilivyopangwa hueleza kwa nini.

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Embu ina kituo cha utafiti wa kilimo na chuo kikuu. Meru ina chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Si ombi kubwa kwamba wataalamu wa taasisi hizo wazitembelee shule za jirani, na kwamba walimu wa kemia na wa kilimo wakae meza moja mara moja kwa muhula. Mtoto wa Runyenjes anayejua kwa nini fosforasi hunaswa na alumini anaweza kumshauri babake kabla ya mvua za Oktoba. Siku hiyo mzazi hatauliza tena kemia ina faida gani.