Chupa ya Kujaribiwa Isiyojaribika

Mhariri Mwenye Heshima,

Naomba wasaa katika safu yako ya barua nieleze jambo ambalo baadhi ya wasomaji wataliona dogo, kwa kuwa halihusu unga wala nauli ya matatu bali marashi. Nami nakiri kwamba hakuna aliyepata kufa kwa kukosa marashi, lakini aliyepunjwa shilingi elfu nane na mia tano katika chupa ya marashi amepunjwa sawasawa na aliyepunjwa katika gunia la mchele, na hapa kwetu Mombasa, ambako hata mnyonge huficha kipande cha udi kwa ajili ya siku atakayobisha mgeni, si haki kuambiwa kwamba harufu nzuri ni anasa ya wenye nazo.

Nakusudia biashara ya testa. Kwa asiyeijua, testa ni chupa ambayo kiwanda cha manukato humpa mwenye duka pamoja na bidhaa zake ili aiweke juu ya meza, wapitao wajipulizie, wanuse, na waliopendezwa wanunue chupa kamili. Maji yaliyomo ni yale yale ya chupa ya kuuzwa, na tofauti iko katika vazi tu: aghalabu huja katika boksi jeupe au la kaki lisilo na nakshi, pengine bila kifuniko, na ubavuni imepigwa chapa maneno ya Kifaransa au ya Kiingereza yenye maana kwamba chupa hii si ya kuuzwa. Pamoja na katazo hilo huuzwa, na huuzwa kwa bei ya chini. Na mtu anayetaka harufu asiyekuwa na haja ya boksi la dhahabu simwoni kuwa na kosa, kwani mimi mwenyewe ni mwalimu mstaafu, pensheni yangu naijua, na testa mbili za mwanzo nilizonunua zilikuwa halisi, hata moja yao ningali nayo mpaka leo na ikipulizwa kwenye buibui harufu yake hulala humo.

Viwanda vyenyewe, najua, haviipendi biashara hii. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipewa shauri la testa za marashi ya Davidoff, ambazo wakala walikabidhiwa huko Singapore kwa sharti kwamba zingali mali ya kampuni, kisha zikaonekana zikiuzwa Ujerumani. Na mahakama ikaelekea upande wa mwenye chapa, kwamba hakuridhia ziuzwe na ana haki ya kuuzuia uuzaji huo. Lakini mwenye chapa ana mawakili wa kumsemea, nami simlilii. (Na kama ni kulia, wa kwanza kuliliwa angekuwa mkulima wa mlangilangi wa Komoro, ambaye maua yake huchumwa alfajiri, yakatolewa mafuta, yakasafiri hadi Ufaransa, yakaturudia sisi jirani zake katika chupa asizoweza kuzinunua yeye.) Kilio changu ni cha mnunuzi.

Mwezi uliopita mtoto wa ndugu yangu alikuwa akioa, na mimi nikiwa shangazi yake nikaona si vyema sinia la zawadi litoke kwangu na kanzu na kikoi bila marashi. Nikaingia duka moja katikati ya mji, ambalo sitalitaja. Chupa kamili ya mililita 100 niliyoitaka ilikuwa shilingi 14,000, na testa yake, akasema kijana wa dukani, ni 8,500. Nikamwomba anipulizie kidogo mkononi. Akanijibu kwa adabu, sikatai, “Mama, huu ni mzigo mpya, ikishapulizwa haitauzika.” Nikasimama nikimtazama. Chupa iliyotengenezwa, ikapigwa chapa, ikavushwa bahari ili watu waijaribu, nakatazwa mimi kuijaribu! Aliponiona nasita akainama chini ya meza, akatoa chupa nyingine, akapuliza kwenye kipande cha karatasi akanipa. Nikanusa limau na balungi, nikaridhika, nikalipa.

Hapo, Mhariri, nilifanya kosa ambalo mtu wa rika langu hakupaswa kulifanya. Marashi ya spiriti hayatoi harufu zake zote mara moja: yale mepesi, ya ndimu na balungi, huruka mbele na kutoweka kwa muda kama wa robo saa, hufuata ya maua, na ya mwisho kubaki ni yale mazito, msandali, ambari, miski, ambayo aghalabu ndiyo yanayoitofautisha chupa halisi na ghushi. Mghushi anajua kwamba mnunuzi hunusa akiwa amesimama na mkoba mkononi, kwa hiyo huitengeneza ile robo saa ya kwanza peke yake, na mengine humwachia Mungu. Usiku wa nikaha, baada ya sala ya Isha, bwana harusi alijipulizia kama mtu anayemwagilia bustani, na kabla halua haijatembezwa akanijia kwa mzaha, “Shangazi, mbona marashi yako yameaga kabla ya wageni?” Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Asubuhi yake nikaichukua ile chupa nikaikagua chini ya taa kama nilivyokuwa nikikagua madaftari. Katika chupa nyingi za aina hii bomba la kupulizia hubanwa shingoni kwa pete ya bati isiyofunguka ila kwa kuharibiwa. Pete ya chupa yangu ilikuwa na mikwaruzo miwili iliyoelekeana, kama alama za meno ya koleo, na upande mmoja ilikunjamana. Nambari ambazo kiwanda hupiga chini ya chupa na chini ya boksi, ambazo hupasa kuwa moja, hapa zilikuwa mbili mbalimbali. Waama, chupa ilikuwa halisi. Iliyokuwa ghushi ni roho yake. Mtu ameinunua tupu, akaijaza alichokijua mwenyewe, akairudisha sokoni.

Nikarudi dukani, na mazungumzo yetu ndiyo yaliyonitia kalamu mkononi. Nilipouliza kwa nini haina kifuniko, nikaambiwa ni testa. Kwa nini boksi halina karatasi ya kulifunga? Ni testa. Nambari je? Mama, testa nambari zake ndivyo zilivyo. Nirudishieni basi fedha zangu. Testa hairudishwi. Neno moja, Mhariri, limekuwa pazia: kila alama ambayo mnunuzi angeishika ili ajilinde imeondolewa kwa jina la testa, na haki moja tu ambayo jina hilo lingempa, yaani kujaribu, nayo imeondolewa vilevile. Mwisho, mwenye duka mwenyewe, aliyekuwa kimya mpaka hapo, akanitupia methali, “Rahisi huvunja upishi, mwalimu.” Hasha! Mimi sikununua rahisi; nimenunua kitu kwa jina lake, kwa bei aliyoitaja yeye, na jina hilo ndilo lililokuwa la uongo.

Nakumbuka, nikiwa msichana, mzee mmoja wa Kihadhrami katika Mji wa Kale aliyeuza mafuta ya udi, ya miski na ya waridi kwa tola, kipimo cha Kihindi kisichofika gramu 12. Alikuwa na kijiti cha kioo. Hukichovya chupani, akakupaka nyuma ya kiganja, mstari mwembamba kama wa wino, kisha hufunika chupa yake na kukataa kabisa kupokea fedha zako. “Nenda kazunguke,” husema, “urudi alasiri.” Mama yangu alikuwa akilalamika kwamba mzee huyu anatutembeza juani bure, na sisi watoto tulikuwa tukinusa mikono yetu njia nzima mpaka Marikiti na kurudi, lakini sikupata kusikia kwamba mtu amerudisha chochote alichokinunua kwake.

Sidai kila duka liwe na kijiti cha kioo. Nadai muuzaji wa testa amruhusu mnunuzi ajipulizie kutoka katika chupa ile ile atakayoichukua, si ya chini ya meza. Aandike katika stakabadhi neno testa pamoja na nambari ya chupa, na kama imepungua aseme imepungua kiasi gani. Na akionekana ameuza ghushi, asijifiche nyuma ya neno hilo. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inamkataza muuzaji kutoa maelezo ya uongo juu ya bidhaa yake, wala sikuona ndani yake mahali palipoandikwa kwamba marashi yasiyo na kifuniko yamesamehewa.

Stakabadhi ninayo na chupa ninayo. Mwenye duka akiisoma barua hii atajitambua, na siku yoyote atakayokuwa tayari kunipulizia mkononi mbele ya wateja wake, nitakwenda asubuhi, na nitangoja papo hapo mpaka alasiri.

Wako mtiifu,
Mwalimu Mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa