Adhabu Mbili kwa Kosa Moja



Wakati wa chai katika karakana yetu lilizuka neno, nasi twaona yafaa tuliandike hapa, maana wengi wetu tuna watoto au wadogo zetu huko Marekani, na nauli zao tulizichanga kwa shilingi zetu wenyewe. Kijana wa mzee mmoja, mwenzetu wa kazi, alikamatwa dukani kwa kuchukua viatu bila kulipa. Anayo ile kadi ya kijani ya ukaazi, ana miaka 3 tangu aingie, lakini hajawa raia. Mzee akasema, "Atakubali kosa, atalipa faini, yataisha." Sisi nasi tulidhani hivyo. Tulipouliza kwa wanaojua sheria, tukaona hayaishi upesi namna hiyo.

Kwanza tuseme wazi: hatumtetei mwizi. Amri ya kutoiba tulifundishwa tungali wadogo katika shule ya misheni, tena kwa kiboko. Na sisi wa reli twajua shehena ikipotea mtu mmoja mwenye mkono mrefu huliharibia genge zima jina.

Lakini mtu akiiba kwao hufungwa au hutozwa faini, kisha hurudi nyumbani. Mgeni Marekani akimaliza adhabu ya korti aweza kuanza nyingine, yaani kuondolewa nchini. Sheria yao kwa kawaida huhesabu wizi kuwa kosa la upotovu wa tabia. Mwenye kadi akitenda kosa moja la namna hiyo kabla ya kutimiza miaka 5 tangu kuingia, na kosa lenyewe laweza kuleta kifungo cha mwaka 1 au zaidi, aweza kufukuzwa. Liangalieni neno "laweza": si lazima awe amelala jela hata usiku mmoja. Na makosa mawili mbalimbali humtia hatarini wakati wo wote, hata kama amekaa miaka 30.

Liko baya zaidi. Tangu sheria ya 1996, wizi uliopewa hukumu ya kifungo cha mwaka 1 huingia katika makosa yaliyo mazito kabisa kwa mgeni, na mlango wa kuombea huruma karibu wote hufungwa. Kabla ya hapo ilikuwa miaka 5. Hakimu akisema, "Nakufunga mwaka mmoja, lakini kifungo nakiahirisha, nenda nyumbani," kijana hutoka akicheka na kumshika wakili mkono. Kumbe ule mwaka umehesabiwa wote! Siku 364 zingalimwepusha na mtego huo. Siku 365 zamnasa. Sisi tunaogombania saa za ovataimu twajua thamani ya siku moja, lakini siku moja ya kumtenga mtu na watoto wake hatujapata kuiona. Wako Wamarekani wenyewe walioona ubaya huo: California, tangu 2015, na New York, tangu 2019, walipunguza adhabu ya juu ya makosa madogo iwe siku 364.

Tena kuna sheria ya Laken Riley, iliyotiwa sahihi Januari 2025. Aliyeingia bila kibali akikamatwa tu kwa wizi, hata wa dukani, lazima azuiliwe na watu wa uhamiaji. Hajahukumiwa bado. Je, bwana mkubwa akimwachisha mtu kazi hapa kwetu kwa kushukiwa tu, chama kitanyamaza?

Wenzetu wengine walisema, mgeni ni mgeni, arudishwe. Sisi hatukubali. Jozi ya viatu si sawa na nyumba, kazi, mke na watoto waliozaliwa huko wakiwa raia. Na katika korti ya uhamiaji Serikali haimlipii mtu wakili.

Kwa hiyo tulimwambia mzee apige simu usiku ule ule: kijana asikubali kosa kabla ya kumwuliza wakili wake juu ya kadi. Ni haki yake. Mwaka 2010 Korti Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Padilla, dereva wa lori mzaliwa wa Honduras, aliyekaa huko zaidi ya miaka 40 na kupigana Vietnam. Kesi yake ilikuwa ya bangi. Wakili alimwambia asijali, naye akakubali kosa. Korti ikasema wakili ana wajibu wa kumwonya mteja juu ya hatari ya kufukuzwa. Na asitegemee kufutiwa jalada baadaye; mara nyingi uhamiaji huihesabu hukumu ile ile. Akizuiliwa, aweza kutaka ubalozi wa Kenya upewe habari, kwa mkataba wa Vienna wa 1963.

Kesi ya kijana haijasikizwa. Fedha za wakili wa uhamiaji hazijatosha. Mwenye kuweza kuchanga amwone karani wa tawi siku ya mshahara.