Mji wa Naga Haukunyooshwa kwa Bunduki

Mji ukichafuka, stendi ikijaa vibaka, faili likilala miezi juu ya meza ya karani, kauli inayosikika huwa ileile: hapa anatakiwa mtu wa kutunyoosha. Anatakiwa meya mkali, asiyecheka na nyani, ambaye mwizi akisikia jina lake anahama mtaa. Imani hii wanayo wasomi na wasiosoma, wanayo hata watu wema kabisa, na ndiyo maana naona ni lazima ipingwe waziwazi. Ni uongo, na ni uongo wenye makaburi.

Wanaoiamini hupenda kuutaja mji wa Davao, kusini mwa Ufilipino, na meya wake Rodrigo Duterte, aliyepanda hadi kuwa rais wa nchi. Vema, twende Ufilipino. Januari 1988, miaka miwili tangu Ferdinand Marcos aikimbie nchi, Wafilipino walipiga kura kuchagua viongozi wa serikali za mitaa. Davao ikamchagua Duterte, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka. Katika uchaguzi huohuo Naga, mji mdogo wa Bicol katika kisiwa cha Luzon, ukamchagua Jesse Robredo, mhandisi wa miaka 29 aliyeacha kazi katika kampuni kubwa na kurudi kwao. Wote wawili waliongoza mpaka 1998, Katiba ilipowazuia kugombea muhula wa nne mfululizo. Wote wawili walirudi 2001 na kukaa hadi 2010. Walikuwa chini ya Katiba moja na sheria moja ya serikali za mitaa, ile ya 1991. Ni nadra historia kutupa mfano ulio wazi namna hii wa njia mbili za kuongoza mji.

Naga aliyoikuta Robredo ilikuwa imeshushwa kutoka daraja la kwanza la miji kwa sababu mapato yake yalikuwa yameporomoka. Katikati ya mji palikuwa na msongamano wa mabasi na jeepney, zile gari za abiria za huko. Kamari haramu na biashara ya ukahaba zilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na wakubwa wa kuwalinda. Kwa mantiki ya mkono wa chuma, hapo ndipo risasi zingeanza kulia.

Robredo alianza na ofisi yake. Ajira na vyeo vikawa kwa sifa na mitihani, na wafanyakazi wakapangwa upya kulingana na uwezo wao. Ndipo akawageukia wenye kamari, akawaondoa mjini. Mjomba wake, Luis Villafuerte, gavana mwenye nguvu aliyembeba katika uchaguzi wa kwanza, akageuka kuwa hasimu wake, na 1992 dada wa gavana huyo akasimama kugombea dhidi yake. Robredo akashinda. Stendi akazihamishia pembezoni mwa mji. Msongamano ukapungua na biashara mpya zikachipuka huko zilikohamia. Tayari kufikia 1990 mapato yalikuwa yamepanda kiasi cha Naga kurudishiwa daraja la kwanza. Miaka miwili tu, na hakuna mtu aliyeokotwa kichochoroni akiwa maiti ili hayo yawezekane.

Maskini waliojenga vibanda kwenye ardhi isiyo yao hawakuvunjiwa usiku. Kuanzia 1989 mpango wa Kaantabay sa Kauswagan uliwakutanisha na wenye ardhi mezani. Pengine ardhi iligawanywa kati ya pande mbili, pengine wakazi walikopeshwa wakainunua, pengine manispaa ilitafuta viwanja kwingine. Maelfu ya kaya zilipata mahali pa kuishi bila hofu ya tingatinga.

Lakini jambo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote ni lile la 1995. Mwaka huo Naga ilipitisha sheria ndogo iliyoziruhusu asasi za wananchi, vikundi vya wakulima, wanawake, madereva, wachuuzi na wengine, kuunda Baraza la Wananchi. Sheria ililipa baraza hilo haki ya kuingia katika kamati za halmashauri, kujadili miradi, kupendekeza sheria na kupiga kura ndani ya kamati hizo. Meya aliyekuwa na umaarufu wa kumwezesha kufanya karibu lolote alitumia umaarufu huo kujifunga mikono mwenyewe, akawakabidhi wapiga kura wake uwezo wa kumkatalia. Huyu ndiye mtu mwenye nguvu. Tumezoea kuita nguvu kule kutopingwa, ilhali meya asiyepingwa hana mtu wa kumwambia kuwa daraja linajengwa chini ya kiwango au kuwa zabuni imekwenda kwa shemeji wa mtu.

Baadaye mji ukachapisha kijitabu kinachoeleza kila huduma ya manispaa, hatua zake, muda wake na afisa anayehusika. Mwananchi aliyekwenda kutafuta leseni ya biashara alikuwa na karatasi mkononi inayomwonyesha haki yake. Karani mvivu hakuhitaji kupigwa makofi na meya mbele ya kamera. Alihitaji kujua kwamba mteja wake anajua. Mwaka 2007 sheria ya taifa ikazilazimisha ofisi za serikali nchi nzima kuwa na mkataba wa aina hiyo kwa wateja wao. Mwaka 2000 Robredo alikwisha kupewa Tuzo ya Ramon Magsaysay, na waliompa walisema sababu wazi: alithibitisha kuwa mji unaweza kuendeshwa kwa ufanisi huku madaraka yakigawiwa kwa watu.

Na Davao? Tangu miaka ya 1990 watu walianza kuuawa na wauaji wa pikipiki, mchana kweupe, wengi wao vijana wa mitaani, wezi wadogo na watuhumiwa wa dawa za kulevya. Watetezi wa haki za binadamu walihesabu zaidi ya vifo 800 kati ya 1998 na mwanzo wa 2009. Je, mauaji hayo yaliifanya Davao kuwa shwari? Takwimu za polisi wa Ufilipino wenyewe za 2010 hadi 2015 ziliiweka ya kwanza kwa mauaji kati ya miji mikuu 15 ya nchi. Oktoba 2024, mbele ya kamati ya Seneti, Duterte alisema kwa kinywa chake kwamba alikuwa na kikosi cha mauaji alipokuwa meya. Machi 2025 alikamatwa na kupelekwa The Hague kukabili tuhuma za uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Nitaambiwa Davao ni mji wa watu zaidi ya milioni moja na nusu, uliokuwa uwanja wa vita vya waasi wa kikomunisti miaka ya 1980, na Naga ina watu laki mbili tu. Ni kweli, na hoja hii si ya kupuuza: mji mdogo ni rahisi kukutanisha watu wake. Ila Bicol nayo ilikuwa na waasi haohao. Tena tazama yale ambayo Davao inasifiwa kwayo kwa haki: simu ya dharura ya 911, marufuku ya kuvuta sigara hadharani, ukomo wa mwendo wa magari. Hayo yalifanywa na wapokea simu, madaktari, madiwani, bajeti na sheria zilizoandikwa. Hakuna hata moja lililohitaji mtoto achomwe kisu na mtu aliyevaa kofia. Sifa za watumishi wa umma zimevishwa muuaji, kisha tukaambiwa ni kwa sababu yake.

Robredo alikufa Agosti 2012, akiwa waziri wa mambo ya ndani na serikali za mitaa, ndege ndogo aliyopanda ilipoanguka baharini karibu na Masbate akirudi nyumbani Naga. Alikuwa na miaka 54. Kuanzia 2010 mpaka 2025 mji huo uliongozwa na mameya wasio wa ukoo wake, na sheria ya Baraza la Wananchi ikabaki palepale. Ndipo Mei 2025 wakazi walipomchagua mjane wake, Leni, aliyewahi kuwa makamu wa rais, na ambaye katika miaka ya urais wa Duterte alisimama kupinga mauaji ya vita vya dawa za kulevya. Katika miaka hiyo 15 ofisi ya meya wa Davao ilizunguka kati ya Duterte, binti yake na mwanawe. Uchaguzi ulipofika, Mei ileile, mji wa zaidi ya watu milioni moja na nusu ulimchagua tena mzee wa miaka 80 aliyekuwa mahabusu Ulaya, asiyeweza hata kuingia ofisini.