PICHA IKIKATWA, NA ADA IKATWE



Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inatuambia sisi kwamba tukitaka kugoma, kwanza ugomvi upelekwe kwa msuluhishi. Msuluhishi akishindwa, tutoe notisi ya siku 7, kwa maandishi, kwa mwajiri na kwa Waziri. Bila notisi hiyo mgomo wetu si halali, na mabwana hukimbilia kortini kabla jua halijatua. Tena sheria hiyo hiyo inasema mwajiri halazimiki kumlipa mtu kwa siku ambazo hakufanya kazi. Haya tunayajua vizuri. Wengine wetu yametukuta.

Sasa twauliza: mbona matajiri wa televisheni hawafungwi na sheria ya namna hii?

Hakuna aliyesahau Februari 2015. Wenye NTV, KTN na Citizen walikuwa wakigombana na Mamlaka ya Mawasiliano, na pia na makampuni ya ving'amuzi, GOtv na StarTimes. Wenye vituo walisema chaneli zao zinachukuliwa na kuuzwa bila ridhaa yao, wakataka muda mpaka ving'amuzi vyao wenyewe vifike. Mamlaka ikasema muda umekwisha, kwa kuwa mataifa yalikubaliana huko Geneva mwaka 2006 kwamba analogia ifungwe ifikapo tarehe 17 Juni 2015. Kesi ilikuwa imepanda mpaka Mahakama ya Juu. Tarehe 14 Februari mitambo ikazimwa, na vituo vitatu ambavyo nchi nzima huvitazama jioni vikawa kiza. Havikurudi mpaka Machi imeingia. Muda wa karibu wiki tatu! KBC ilibaki, lakini mtu aliyenunua king'amuzi kwa mshahara wake hakukinunua akose vituo hivyo.

Na ada ya mwezi je? Hiyo haikujua habari ya ugomvi. Siku zilihesabiwa kama kawaida. Mfanya kazi akikosa siku moja, kalamu ya karani iko tayari. Kampuni ikikosa kutoa kitu ilichouza, kalamu haipatikani.

Tueleze jambo lenyewe, maana wakubwa hupenda tulione ni gumu. Kituo cha bure hutupa picha hewani na kupata fedha kwa matangazo ya biashara. Kampuni ya king'amuzi huichukua picha ile, huirusha kwa minara au kwa setilaiti, nasi tunaipata kwa antena au dishi na kuilipa kampuni. Kanuni za mwaka 2009 ziliitaka kampuni ibebe chaneli za bure, na tarehe 29 Septemba 2014 Mahakama ya Juu iliamua kwamba jambo hilo halivunji haki za wenye vituo. Wenye vituo wanalia: habari zetu ndizo zinazouza ving'amuzi vyenu, tulipeni. Makampuni yanajibu: sisi ndio tunaowaletea watazamaji, nanyi mnauza matangazo kwa ajili yao. Kila upande una neno lake. Hatusemi kazi ya mwandishi na fundi wa kamera ichukuliwe bure. Chama cha wafanya kazi hakiwezi kusema hivyo. Tunasema tu kwamba hesabu ni yao wawili, nao wanamfungia mlango mtu wa tatu.

Twaambiwa kila siku kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Ni kweli, lakini nyasi hazilipi tembo ada ya mwezi.

Ugomvi huu si wa Kenya peke yake. Mwaka 2018 watu wa Tanzania wenye ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku waliondolewa chaneli za bure za nyumbani kwa amri ya mamlaka ya huko, ati leseni za makampuni hayo haziruhusu. Na Marekani ndiko jambo limekomaa kabisa. Sheria yao ya mwaka 1992 inakipa kituo hiari, kila miaka 3: kibebwe bure kwa lazima, au kidai malipo, na wasipopatana kiondolewe. Basi mkataba ukikaribia kwisha, kila upande huweka ujumbe kwenye kioo ukimwambia mtazamaji apigie simu upande wa pili kumlaumu. Julai 2019 wateja wa DirecTV walipoteza vituo zaidi ya 120 vya kampuni ya Nexstar, vikarudi mwisho wa Agosti. Tarehe 1 Septemba 2024 wateja wa DirecTV hiyo hiyo, zaidi ya milioni 10, walipoteza chaneli za Disney, na katika miji kama New York na Chicago kituo cha ABC cha mjini kilikwenda nacho, mpaka tarehe 14. Ilikuwa ndiyo kwanza msimu wa mpira wao unafunguliwa. Wanajua kuchagua siku, hawa! Na mwisho wa ugomvi gharama mpya huingizwa katika bili ya mteja.

Yuko atakayesema televisheni ni anasa, mfanya kazi asisumbuke nayo. Huyo kila tarehe 1 Mei na asiketi nasi kungojea tangazo la kima cha chini cha mshahara. Asisikilize matokeo ya uchaguzi, wala habari za mafuriko.

Kwa hiyo tunaitaka Mamlaka ya Mawasiliano iweke mambo haya kwa maandishi. Chaneli isikatwe kwa ajili ya ugomvi wa malipo kabla ya notisi kwa wateja na usuluhishi, kama tunavyolazimishwa sisi. Shauri likiendelea, picha iendelee. Ikikatwa, siku hizo zirudishwe kwa mteja bila yeye kuomba. Na chaneli za bure zibaki kwenye king'amuzi hata ada ikiisha.

Wanachama, wekeni risiti za ada zenu. Chaneli ikipotea, andika tarehe ilipopotea na tarehe iliporudi, na umpe katibu wa tawi lako karatasi hiyo pamoja na nakala ya risiti. Mamlaka haitaweza kumjibu karani mmoja na kunyamazia karatasi mia tano.